Tunapunguza au Hatupunguzi?

Tulikuwa tumeshaiacha Chumbe nyuma, mnara wake wa taa umebaki kama njiti ya kiberiti, pale mtu wa kiti cha mbele kwenye boti ya Dar aliponigeukia, akanitazama vizuri, kisha akanipa mkono. Nilimsomesha zamani. Sasa ana mvi kwenye ndevu na duka la vipuri vya pikipiki, na kila wiki mbili huvuka kwenda Kariakoo kununua mali. Tulipokwisha kuulizana hali za nyumbani akateremsha sauti, kama anavyofanya mwanafunzi anayetaka kudokezewa jibu.

"Mwalimu, leo Adhuhuri ikitukuta Dar, tunapunguza au hatupunguzi?"

Nikamwambia mimi si shehe. Akacheka. "Hapana, lakini wewe ndiye uliyetufundisha kupima ramani kwa uzi."

Hilo kweli. Nimesomesha jiografia miaka 31 katika skuli tatu za Unguja, na kama kuna kitu kimoja walichobaki nacho wanafunzi wangu, basi ni uzi. Unachukua uzi wa kushonea, unaulaza juu ya barabara kwenye ramani, unaupinda kila barabara inapopinda, unaubana kwa kidole, kisha unaunyoosha kwenye rula na kuzidisha kwa kipimio. Mtoto akishafanya hivyo mara moja hasahau. Jioni ile, kwa binti yangu Mbagala, nikaomba atlasi ya mjukuu na uzi mweusi kwenye kikopo cha mama yake. Kutoka Malindi hadi bandari ya Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, nikapata kilomita 73. Boti haiendi kama rula, kwa hiyo tuseme 75.

Sasa tazama kazi ya kilomita hizo. Sisi watu wa mwambao wengi wetu ni Washafii, na si tangu jana. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wa miji hiyo wakifuata madhehebu hayo hayo. (Unguja hakushuka, tumeshamsamehe.) Na katika madhehebu ya Shafii msafiri anayeruhusiwa kukusuru, yaani kuzisali rakaa mbili badala ya nne Adhuhuri, Alasiri na Isha, ni yule anayekwenda mwendo wa marhala mbili: siku mbili za ngamia waliobeba mizigo, wakienda kwa mwendo wa kawaida. Wanavyuoni waligeuza siku hizo kuwa farsakh 16, yaani maili 48 za zamani. Waliozigeuza tena kuwa kilomita hawakukubaliana sawasawa. Wako wanaosimama kwenye 81, wako wanaokaribia 90. Vyovyote vile, 75 haifiki.

Basi hatupunguzi. Lakini nikauhamisha uzi, nikauweka Malindi tena na ncha ya pili nikaipeleka Mkoani, Pemba. Kilomita mia na ushei. Kwenda Pemba, visiwa vile vile, serikali ile ile, kwa wakwe zangu ambao mlango wao nauingia bila hodi, mimi ni msafiri kamili. Kwenda Dar, ambako nikifungua mdomo tu muuza vocha anajua nimetoka Unguja, mimi niko kama mtu aliyetoka kwenda sokoni.

Najua kuna kauli nyingine. Wahanafi wana hesabu yao ya siku tatu. Ibn Taymiyya, aliyefariki 1328, hakutaka hesabu ya maili kabisa. Kwake yeye safari ni kile watu wanachokiita safari. Kauli hiyo inavutia, maana lugha yetu imeshakata shauri. Mtu wa mjini akienda Makunduchi tunasema kaenda shamba. Akienda Dar tunasema kasafiri, yuko bara. Hakuna anayekosea maneno hayo mawili, hata mtoto. Ila lugha nayo ina mizaha yake. Wazee wetu walipovuka daraja la Darajani, kutoka Mji Mkongwe kwenda upande wa pili wa mkono wa bahari, walisema wanakwenda Ng'ambo, neno lile lile alilolitumia mtu anayekwenda Ulaya. Mkono ule wa bahari ulifukiwa karne iliyopita, daraja halipo, na watu bado wanakaa Ng'ambo. Ukifuata lugha peke yake utakusuru sala kwa kuvuka barabara.

Nilipokuwa kijana nilikaa darasani kwa shehe mmoja mtaani kwetu, baina ya Magharibi na Isha, tukisoma Minhaj ya Imamu Nawawi. Kuna mahali katika mlango wa sala ya msafiri ambapo Nawawi anasema kwamba bahari hukumu yake ni kama ya nchi kavu, na kwamba mtu akiukata mwendo huo baharini kwa saa moja tu, ruhusa yake iko pale pale. Nilishangaa. Mtu huyu alikufa huko Sham mwaka 1277. Boti ya kwenda kasi hakuiona wala ndege hakuisikia, lakini alikwisha kuwajibu watakaosema kuwa siku hizi safari si safari kwa sababu hakuna tabu. Tabu si sharti. Sharti ni masafa.

Nikainua mkono. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na baba yangu alikuwa hamali Malindi. Kila siku alisukuma gari la mizigo kutoka bandarini hadi Darajani na kurudi, juani, mgongo umepinda. Nikamuuliza shehe: huyu anayekwenda Pemba amelala usingizi kwenye meli anapunguza, na hamali anayetokwa na jasho tangu asubuhi hapunguzi. Uadilifu uko wapi?

Shehe hakukasirika. Akasema swali hilo si langu, wakubwa walishaliuliza. Wao mfano wao ulikuwa mfalme anayebebwa kwenye machela na kibarua asiyetoka mjini. Akatufundisha tofauti baina ya hekima ya hukumu na sababu yake. Hekima ya ruhusa ni tabu, lakini sababu ni safari, na hukumu hufungwa kwenye sababu kwa kuwa sababu inapimika. Tabu haipimiki. Kisha akatusimulia kisa cha Sayyidna Umar. Aya ya kupunguza sala imetaja hofu ya adui. Waislamu walipokwisha kupata amani Umar akastaajabu mbona bado wanapunguza, akamuuliza Mtume. Jibu alilopewa, kwa maana yake, ni kuwa hiyo ni sadaka Mwenyezi Mungu aliyowapa, basi ipokeeni.

Nililiandika jibu kwenye daftari. Sikuridhika. Nilirudi nyumbani nikamkuta baba anasali Isha, rakaa nne, kwa utulivu, na miguu imevimba, na nikasema moyoni kwamba waliotunga milango ile ya fiqhi hawakuwa na baba hamali.

Nikageukia hadithi. Nadhani vijana wengi hufanya hivyo wanapoudhika na sheria. Katika hadithi masafa hayana uzi. Bibi yangu alipotutolea ngano, baada ya sisi kumwitikia pakawa, mtoto wa sultani alitoka kwao na kushika njia: akenda, akenda, akenda. Hizo ndizo kilomita zake. Ukitaka kujua umbali, sikiliza jinsi anavyolivuta neno. Akenda moja ilikuwa kijiji cha pili. Tatu ni nchi nyingine. Usiku mmoja, mvua inanyesha na taa ya mafuta imepungua, alilivuta lile la mwisho mpaka ndugu yangu mdogo akalia, akidhani yule mtoto hatorudi. Hakuna ramani niliyowahi kuifundisha iliyompa mtoto hofu ya umbali namna ile.

Baadaye nikaisoma Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951. Mle mna wajumbe wanaokwenda pande sita, wa mwisho wao mbinguni na ardhini, na kila mmoja akirudi na mema aliyoyaona anatiwa gerezani. Safari zote sita zinapita katika mdomo wa Karama, mshitakiwa aliyesimama mbele ya baraza. Yeye mwenyewe hatoki pale alipo. Nilipokuwa mwalimu kijana nililiona jambo hilo kama ufundi tu wa mwandishi. Sasa naona pia kuwa ndivyo wengi wetu tulivyosafiri: tumesimama mahali pamoja, masafa yako kinywani mwa mtu.

Lakini kitabu kilichonirudisha kwenye darasa la shehe ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa Kiswahili na ikatoka 2022. Gurnah ni mtu wa Unguja, aliondoka akiwa kijana, na sote tulijua habari zake zaidi baada ya Nobel ya 2021 kuliko kabla, aibu ikubaliwe. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Anapandishwa gari moshi na mfanyabiashara anayemwita ami. Anadhani anakwenda kutembea. Huko pwani ndipo anapoelezwa na kijana mwenziwe wa dukani kwamba bwana yule si ami yake hata kidogo. Baba yake ana deni, na yeye amewekwa rehani. Mbele zaidi katika kitabu kuna msafara mkubwa wa kwenda bara ndani, wapagazi, maradhi, maji ya maziwa makuu, na wasomaji husifu zaidi kurasa hizo. Mimi naona safari ya kweli ilikwisha pale kwenye behewa. Yaliyofuata ni kutembea.

Na hapo nikaikumbuka Minhaj. Katika mlango ule ule mna watu wawili wanaonyimwa ruhusa, niliowapita haraka nilipokuwa na miaka kumi na saba. Wa kwanza ni mzururaji, asiyejua aendako: huyo hata akiimaliza dunia kwa miguu hapunguzi, kwa kuwa hakukusudia mahali. Wa pili ni yule aliye chini ya amri ya mwingine, mtumwa, mke, askari, anayemfuata mwenye amri bila kujua anapelekwa wapi. Naye anatimiza sala, mpaka awe amekwisha kuyapita masafa yenyewe bila ya kujua. Yusuf ni huyo wa pili. Nilipoligundua hilo nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kidogo. Karibu kila ninayempenda katika riwaya ni mmoja wa hao wawili: hajui aendako, au anajua mwingine kwa niaba yake. Sheria inamtaka msafiri mwenye nia na mahali. Waandishi wanamtaka yule ambaye nia hana, au kanyang'anywa.

Ami yangu mimi, wa damu, alikuwa wa aina ya tatu ambayo sikuiona vitabuni. Aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, akapita Mombasa, akakaa Dubai akibeba magunia, na Oman ilipofunguka baada ya 1970 akahamia Maskati kama walivyohamia wengi. Kutoka Unguja ni karibu kilomita 3,900. Katika mlango ule ule wa Minhaj, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, ukitoa ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika, ni mkaazi. Lakini kama anangojea haja ambayo huenda ikatimia leo au kesho, akiwa na nia ya kuondoka mara itakapotimia, anaendelea kupunguza hadi siku 18. Ami alingoja haja yake miaka arubaini. Kila alipopiga simu alisema anakuja Mfungo Sita, tusome maulidi pamoja. Mwaka hakuutaja. Alioa kule, akajenga kule, watoto wake Kiswahili chao ni cha jikoni, na bado akisema "huku" kuiita Maskati na "kwetu" kuiita Unguja. Sala alizitimiza zote, najua, alikuwa mtu mkali wa dini. Ulimi wake ndio uliokusuru.

Nimezunguka sana. Mwalimu wa jiografia akistaafu hana kengele ya kumkatisha.

Nilichotaka kusema kinahusu njia fupi kabisa, ya kutoka nyumbani kwetu Fuoni hadi mjini. Haifiki kilomita kumi. Miaka miwili ya mwisho ya mke wangu tuliipita mara tatu kwa wiki, kwenda hospitali kusafishwa damu baada ya figo zake kuchoka. Tulitoka baada ya Alfajiri ili tupate gari isiyojaa. Nilimshika mkono kumpandisha, nikamwomba kondakta asubiri akae, na kondakta wakati mwingine alisubiri. Ile mashine ilimchukua saa nne. Kisha mapumziko, kisha gari za kurudi, ambazo mchana hujaa wanafunzi. Tulifika nyumbani Alasiri inaadhiniwa, yeye hana rangi usoni, mimi nimebeba mkoba wake, chupa ya chai na kanga ya kujifunikia kwa sababu kile chumba kilikuwa baridi.

Wiki moja ya Ramadhani nilichoka vibaya. Nikamwendea imamu wa mtaani, kijana, nikamuuliza lile swali langu la zamani kwa sura nyingine. Nikamwambia mimi safari yangu ni kubwa kuliko ya yeyote anayekwenda Pemba msikitini humu. Akaniambia kwa adabu: "Mzee wangu, mgonjwa ana mlango wake. Mama atasali kwa kukaa, akishindwa atasali kwa ishara, na kufunga ameondolewa. Wewe ni mzima na uko mjini kwako. Sali nne."

Nilirudi nimeghadhibika. Nikamsimulia mke wangu, aliyekuwa amelala ubavu, na nikatazamia aniunge mkono. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Weye mwalimu," akasema, "kwani hizo rakaa mbili ndizo zilizokuchosha?"

Akacheka, na kwa namna alivyokuwa dhaifu kicheko kile kilimgharimu. Sikuwa na jibu. Nikatia udhu.

Swali lake limefanya kazi kwangu polepole, kuliko jibu la shehe. Nilikuwa nikiitaka sheria ipime tabu yangu, na sikufikiri kipimo hicho kingekaaje. Ingebidi nisimame mbele ya mtu nimwoneshe nimechoka kiasi gani. Naye angeniweka pembeni ya baba yangu na gari lake, na baba pembeni ya mwanamke anayekwenda mjini peke yake bila wa kumshika mkono, ambaye nilimwona pale hospitali kila wiki. Nani kati yetu angepata rakaa zake mbili? Dirisha la namna hiyo tunalijua, tumeshapanga foleni mbele yake kwa mambo mengine, na tunajua anayeshinda ni mwenye maneno. Yule anayelala usingizi hadi Mkoani hakuulizwa kitu. Hakushinda shindano la mateso. Alivuka mstari akapewa, kwa sababu kinachotolewa ni sadaka, na sadaka ikianza kudai ushahidi wa unyonge huwa kitu kingine. Nami rakaa nne sikutozwa kama adhabu. Zilikuwa zile zile za kila siku, na nikizisali karibu na kitanda chake zilikuwa, nakiri sasa, dakika pekee za siku nzima ambazo hakuna mtu aliyenituma popote.

Sisemi hamali hana haki. Ana haki kubwa, ya ujira, ya mapumziko, ya gari lenye magurudumu mazima, na baba yangu hakuipata hata moja. Ila mdaiwa wake hakuwa Mola wake. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilipeleka hati ya madai mlango usiohusika.

Mke wangu alifariki mwezi wa Rajabu, nyumbani. Tangazo la redioni lilisema mazishi ni saa kumi Mwanakwerekwe, na mtu mmoja wa pole akaniambia tumsindikize katika safari yake ya mwisho. Kutoka Fuoni hadi Mwanakwerekwe mtoto huenda kwa miguu. Tulimbeba begani tukipokezana, na tulifika upesi mno.

Usiku ule wa atlasi nilimpigia simu mwanafunzi wangu wa vipuri. Nikamwambia 73, kwa uzi. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo nne?"

"Mimi nimesali nne. Wewe muulize shehe wako."

Akasema ameshasali mbili, atamuuliza akirudi, na kama ni kulipa atalipa. Kisha akaniambia mwezi ujao anafungua duka Chake Chake, akataka kujua ni kilomita ngapi. Nikamwambia achukue uzi.

Nina tiketi ya Jumamosi, boti ya saa tatu na nusu asubuhi. Adhuhuri itanikuta Fuoni.